Bidon ya Nne

Uvira, mtaa wa Kimanga
Jumapili baada ya misa

Kwa Yaya Tabu, mkubwa wangu, uliyenifunga mkanda wa suruali siku yangu ya kwanza ya shule,

Kabla hujauliza: ndiyo, ninakula. Ndiyo, mashuka uliyotuma yalifika na sijayauza. Hapana, sijanenepa, na huyo aliyekuambia nimenenepa aliniona siku nimevaa makoti mawili. Wewe goti lako linasemaje? Shemeji bado anakohoa asubuhi, ama ameacha ile tumbako anayoificha nyuma ya redio? Na paa la jikoni, mvua zimeliacha? Nijibu moja moja. Usiandike tu "huku tuko salama" kama mara ile, halafu nikaja kusikia kwa abiria wa boti kwamba ukuta mzima ulilala chini.

Mimi, Yaya, ninakuandikia nikiwa na furaha mbaya. Ni ile furaha uliyonichapia nikiwa na miaka tisa, nilipomwekea mtoto wa jirani pilipili ndani ya kofia. Nimelipiza kisasi. Nimelipiza vizuri, kwa hesabu, mbele ya watu, na tangu Jumanne ninatembea hapa Kimanga kama mtu mwenye viatu vipya.

Ningekupigia simu, lakini ninakujua. Unaiweka kwa sauti kubwa ili uwanja wote usikie mudogo wako wa Uvira anasema nini. Hii si ya uwanja. Ndiyo maana nimempa barua yule mama wa vitenge anayeshuka Kalemie kwa boti, nikaifunga kwa utepe. Ukikuta utepe umefunguliwa, ujue naye sasa anajua, na umwambie anyamaze.

Unakumbuka kazi yangu. Wewe unaiita kutonesha, na unawaambia watu kwamba Kabwe alisoma miaka yote ile ili aje kuhesabu matone. Ni kweli, sibishi. Maziwa yanashuka kutoka milimani, upande wa Mulenge na kwingine huko juu, ndani ya bidon, yale madumu ya njano, mengine kwa moto, yaani pikipiki, mengine mgongoni. Yanafika kwenye nyumba yetu ya maziwa, na kabla hayajaingia sufuriani kwa ajili ya jibini na mtindi, yanapita kwangu. Ninachukua mililita kumi katika glasi. Ninatia matone mawili ya dawa isiyo na rangi. Halafu kutoka kwenye burette, lile bomba la kioo lenye mistari na kifungulio chini, ninaangusha soude tone kwa tone, huku ninatikisa glasi.

Soude inakula asidi iliyomo katika maziwa. Asidi ikiwa bado ipo, maziwa yanabaki meupe. Siku zote kuna mahali ambapo soude na asidi zinamalizana, hii haidai, ile haidai, na tone linalofuata tu linaleta rose, ile rangi ya waridi. Kitabu kinasema équivalence. Sisi tunasema "imelingana." Hapo unafunga, unasoma mstari. Maziwa mazima yanalingana kwenye mililita moja na nukta sita. Yakipita moja na nukta tisa yameanza kuchacha, tunayakataa.

Na hiyo rose, Yaya, ni kidogo sana. Ni kama sikio la mtoto mchanga likipigwa na jua kwa nyuma. Ukizidisha matone mawili matatu, glasi inakuwa zambarau ya kanzu ya askofu, na hakuna njia ya kurudi. Unamwaga, unaanza upya. Miaka kumi na moja hapa Uvira kazi yangu yote ilikuwa kujua kusimama.

Sasa nikuambie kuhusu Chef Honoré. Yeye anasimamia mapokezi na sufuria. Kijana bado, miaka thelathini na tano hivi, ana kalamu tatu mfukoni na hakuna hata moja inayoandika. Siku moja maziwa ya jibini yalikatika kwenye sufuria yake, maji huku, madonge kule. Sufuria ile ilikuwa haijaoshwa tangu jana yake, mimi niliiona kwa macho yangu. Lakini yeye aliita watu wote uwanjani, wapishi, wabeba maziwa, motari wa pikipiki, na Mama Patronne, mwenye nyumba ya maziwa, ambaye alikuwa mguu mmoja ndani ya gari la kwenda Bujumbura. Akanisimamisha chini ya ile bâche, turubai la rangi ya machungwa, akainua glasi mbili.

"Muzee Kabwe, hii iko rangi gani?"

"Nyeupe."

"Na hii?"

"Nyeupe pia."

"Munaona? Munaona sasa? Hii iko rose! Muzee hapana ona rose! Njo maana maziwa ya kuchacha inapita!"

Chini ya bâche ile, Yaya, hata ndevu zangu nyeupe zinaonekana za kijana. Kila cheupe kinakuwa rose, na rose inapotea kabisa. Yeye alijua. Mimi nilikumbuka baadaye, nikiwa tayari nimechekwa. Na kibaya zaidi, nilicheka nao. Unanijua, watu wakicheka mimi ninacheka, hata kama ni mimi ninayechekwa.

Mama Patronne alisema kwa haraka, kwa upole, na upole wake uliniuma kuliko matusi: "Muzee, pumzisha macho kwanza. Utatusaidia kuosha bidon." Gari likaondoka. Burette ikaenda kwa Honoré. Mimi nikaenda kwenye beseni.

Kuanzia siku ile jina langu ni Muzee Rose. Hapa kwao hawasemi "miye" kama sisi wa Kalemie, wanasema "minye" na "weye," na matusi yao kwa hiyo yana utamu wa peke yake. Ninavuka barabara kununua mkate, motari anapunguza mwendo: "Weye Muzee Rose! Angalia taa yangu ya nyuma, iko rangi gani?" Wanawake wanaouza ndagala nao wakajifunza. Hata kanisani, kasisi alipobadilisha vazi, jirani yangu wa benchi aliniinamia: "Leo ni zambarau, Muzee, nisikudanganye."

Nilicheka kwa wote. Usiku, la, nisikuongopee, mchana, mchana kweupe, nilikuwa ninapanga. Bidon zinafika arobaini kwa siku, na kila moja niliipa jina lake. Nilimsugua Honoré kwa mchanga. Nilimtia maji ya moto shingoni. Nilimpindua, nikamgonga matako, nikamwanika juani mdomo wazi. Sijawahi kuosha vizuri hivyo maishani. Hata Mama Patronne alipopiga simu kutoka Bujumbura aliambiwa bidon zinang'aa.

Wiki tisa, Yaya. Niziweke hapo, utazihitaji.

Katika wiki hizo kuna mama mmoja wa milimani, Mama Espérance, mjane, ng'ombe wake wanne. Anaondoka kwake jogoo wa kwanza. Maziwa yake ninayajua kama ninavyojua mwandiko wako: miaka yote moja na nukta sita, hayapandi, hayashuki. Karibu wiki ya tano ya beseni langu, nikasikia kelele kwenye mapokezi.

"Mama, hii iko acide. Inapita moja na tisa."

"Chef, minye nimekamua hii leo! Hata povu yake haiyaisha!"

"Mashini haisemi uongo."

"Ile iko mashini? Ile ni chupa."

Kesho yake hivyohivyo. Keshokutwa hivyohivyo, na mistari inazidi, mpaka ikafika mbili na zaidi. Na maziwa yaliyokataliwa huwezi kuyapandisha mlima tena kwa joto hili la ziwani, saa sita yatakuwa yamechacha kweli. Honoré anasema, "Acha hapo, Mama, tutamwaga." Mama anaacha, anapanda mlima na bidon tupu ya jana. Watoto wake wanaishi kwa maziwa hayo, ada ya shule, chumvi, dawa, kila kitu.

Hayakumwagwa. Mwosha bidon anajua kila bidon ilikolala. Zile zake zilitoka saa sita kwa moto kuelekea mtaa wa Kasenga, kwa mke wa Honoré, na zikarudi kesho yake zikinuka dawa ya kugandishia jibini. Mke huyo sasa ana meza ya jibini pale njiani, yenye kitambaa cha maua.

Na wakati huohuo, shemeji yake Honoré alikuwa analeta maziwa ambayo ng'ombe wake lazima alikunywa ziwa hili mpaka ng'ambo. Maji matupu. Yalipita kila siku, moja na nukta nane, "mazuri, ingia."

Nilidhani anaiba kwa mkono. Nikamwangalia kwa jicho la pembeni siku tatu. Yaya, alikuwa anatonesha sawasawa! Anatikisa vizuri, anasimama kwenye rose, anasoma mstari bila kuongeza. Hapo nilikasirika zaidi, maana hakuna kinachoudhi kama mtu mbaya anayefanya kazi yake vizuri.

Ndipo nikaangalia chupa ya soude. Ilikuwa kwenye ubao, juu ya jiko la makaa tunakopashia maziwa, na mdomo wake umezibwa kwa gunzi la muhindi.

Juu ya gunzi hilo nitarudi. Usiniharakishe.

Soude ni mlafi. Ukiiacha wazi inakula hewa, inakula pumzi ya makaa, na kila inachokula kinaipunguza nguvu. Gunzi linazuia nzi, pumzi halizuii. Na soude ikidhoofika, unahitaji matone mengi zaidi kumaliza asidi ileile. Mstari unasoma juu, na lawama zinaangukia maziwa. Maziwa mazima ya moja na sita yanaonekana mbili na zaidi, yanafukuzwa. Maziwa ya shemeji, ambayo asidi yake imezimuliwa na maji, yanaonekana moja na nane, yanakaribishwa. Chupa moja, Yaya, ilikuwa inafukuza waaminifu mlangoni na kuwapa wezi kiti.

Nilitaka ushahidi, si maneno ya mwosha bidon mwenye macho mabovu. Nilijaza kichupa kidogo cha soude ile, nikaenda Kasenga kwa rafiki yangu Mwalimu Pascal, anayefundisha kemia pale shuleni kwao. Akanipimia asidi ya unga kwenye mizani yake, akaiyeyusha katika maji, nguvu yake tunaijua kabisa: 0,05. Tukachukua mililita kumi, tukatonesha soude. Soude yenye afya ni 0,1. Rose ilikuja kwenye kumi na tatu.

Nikapiga hesabu palepale ubaoni: 0,05 mara kumi, gawa kwa kumi na tatu. 0,038! Soude haifiki hata nusu ya nguvu yake! Niliruka, Yaya, mtu wa miaka hamsini na mbili. Nikatoa simu nimwite Mama Patronne saa ileile. Mwalimu Pascal akanishika mkono.

"Muzee, hii asidi iko na mikono ngapi?"

Nikarudi kuangalia ubao.

"Mikono mbili. Punje moja ya asidi hii inashika punje mbili za soude. Ulisahau kuzidisha mara mbili. Wanafunzi wangu ba mwaka wa tano, kosa hii ninabakatia alama zote."

Basi nikazidisha. 0,077. Soude imepoteza karibu robo ya nguvu. Ni ubaya wa kutosha, ila si ule niliokuwa nataka kuutangaza. Fikiria kama ningepiga simu ile! Honoré, ambaye hesabu anaijua, angeniuliza habari ya mikono mbele ya uwanja, na mimi ningekuwa Muzee Rose mpaka jiwe la kaburi.

Ningeweza kusema kesho yake. Mama Patronne alikuwa bado Bujumbura, lakini simu ipo. Sikupiga. Nilitaka uso wa Honoré, nilitaka uwanja uleule, watu walewale, glasi ileile. Nikasubiri siku sita Mama arudi. Siku hizo sita Mama Espérance alipanda mlima na bidon tupu. Najua utaniuliza hilo kwanza kabla ya yote, ndiyo maana nimeliandika kabla hujauliza.

Jumanne Mama Patronne akafika. Nikamngoja ashuke, uwanja ujae, nikafuta mikono.

"Mama Patronne, ninaomba kitu kimoja, halafu ninarudi kwa bidon zangu."

"Muzee Rose anataka kutufundisha rangi!" Honoré akasema, na watu wakacheka. Nikacheka nao. Mara ile nilikuwa na sababu.

"Hapana, Chef. Mimi sioni. Weye njo utatonesha, mimi nitashika tu karatasi." Nikamwonyesha asidi ya Mwalimu Pascal na karatasi yenye sahihi yake. "Mililita kumi za hii. Soude ikiwa na nguvu yake, italingana kwenye ngapi?"

Akapiga hesabu kichwani, haraka, na mikono miwili hakuisahau. "Kumi," alisema. Nilimchukia kwa kutosahau.

"Tutoke chini ya bâche kwanza," nikasema, "twende kwenye mwanga wa Mungu." Aliniangalia. Hapo alielewa kwamba ninajua, lakini watu walikuwa wameshasogea.

Akaanza. Saba, nane, tisa. Wabeba maziwa wakaanza kuhesabu kwa sauti kama wanahesabu mabao. "Kumi!" Hakuna rangi. "Kumi na moja!" Glasi safi kama maji ya kunywa. Mkono wake ukapunguza mwendo. "Kumi na mbili! Chef, inakuwa nini?" Jasho likamtoka puani. Kwenye kumi na tatu, ikaja, kidogo tu, nzuri ajabu.

"Chef," nikasema, "hii iko rangi gani? Mimi sioni."

Akajibu chinichini.

"Sema kwa nguvu, bamama ba kule nyuma habasikii."

"Rose!"

Yaya, nimekula karamu katika maisha yangu. Nilikula kwenye harusi yako, ule mbuzi mzima. Hakuna nilichowahi kuonja kinachofanana na neno lile.

Nikampigia Mama Patronne hesabu nyuma ya katoni: kumi ingetosha, imechukua kumi na tatu, basi kila mstari wa mapokezi ugawe kwa moja na nukta tatu. Akachukua daftari, akaanza kugawa mwenyewe, mdomo unazidi kukaza. Ya Mama Espérance, mbili na kidogo: gawa, moja na sita. Ya shemeji, moja na nane: gawa, haifiki moja na nne. "Hii ni maji," alisema. "Minye nimekuwa ninanunua maji." Akafungua soude mpya kabatini, tukapima bidon ya Mama Espérance ya asubuhi ileile. Moja na nukta sita. Mama yule, aliyekuwa bado uwanjani, hakupiga kelele. Aliweka kiganja juu ya bidon yake, akasema kwa taratibu, "Minye nilisema ile ni chupa."

Halafu motari mmoja, Mungu ampe matairi mapya, akataja meza ya Kasenga yenye kitambaa cha maua, na yote yakamwagika.

Mama Patronne akachukua ile chupa, akachomoa gunzi, akaliinua juu. "Nani aliziba soude na gunzi? Sawa chupa ya mawese?"

"Mama, minye nilikuta vile! Haki ya Mungu, nilikuta vile!"

"Kila muntu hapa anakuta vile," Mama akajibu, na uwanja ukapasuka kwa kicheko. Mimi nilicheka kuliko wote.

Burette imerudi kwangu. Mama Espérance anapimiwa wa kwanza kila asubuhi, na maziwa yaliyoenda Kasenga nyumba inamfidia. Shemeji ameambiwa apeleke maji yake kwingine. Honoré hakufukuzwa, mimi ndiye niliyeomba asifukuzwe. Nilitaka aoshe. Mama Patronne akauliza mpaka lini, nikasema wiki tisa, isizidi hata siku moja. Watu wakanisifu: Muzee ana moyo. Motari sasa wanamwita Chef Gunzi. Wanapita polepole ili walitamke vizuri.

Sasa hapa, Yaya, kaa chini kama umesimama.

Alikuta vile.

Gunzi ni langu. Chupa ile ilikuwa na kizibo cha kioo, na soude inagandisha kioo kama gundi. Nilikivuta, nikakizungusha, nikakitia maji ya moto, kikavunjika mkononi. Nikatazama huku na huku, nikafanya kile Mama yetu na wewe mlichokuwa mkifanya kwa chupa za mawese: nikachukua gunzi, nikalikata ncha kwa mshazari kama ulivyonifundisha, nikaizibia chupa. Nikajiambia ni mpaka jioni. Jioni ikawa wiki tatu, nikasahau, ndipo Honoré akaninyang'anya burette. Na nilipoliona kutoka kwenye beseni, nililitambua mara moja kwa mkato wake. Hakuna mwingine Uvira anayekata hivyo. Kwa hiyo Jumanne, Mama Patronne alipoliinua juu na kuuliza ni nani, mimi nilikuwa mtu pekee pale mwenye jibu, na nikaamua kucheka.

Usianze kumhurumia Honoré. Bâche ya machungwa si gunzi. Jibini la Kasenga si gunzi. Alikuwa na wiki tisa za kuangalia chupa ile, yeye mwenye kichwa kinachokumbuka mikono ya asidi, na hakuangalia, kwa sababu kila tone lililozidi lilimjazia meza ya mke wake. Ninamchukia bado, vizuri tu, kwa afya njema.

Lakini hesabu ni hesabu. Gunzi lilikaa wiki kumi na mbili. Tatu zangu, tisa zake. Tuseme hewa iliingia sawasawa kila wiki: robo moja ya udhaifu wa soude ile ni yangu. Kama si wiki zangu tatu, Mama Espérance angeanza kukataliwa wiki tatu baadaye. Mimi nilimpa Honoré lawama yote, robo nne kwa nne, mbele ya watu. Mtu wa kazi yangu! Nilipaswa kufunga kwenye rose, nikaachia mpaka zambarau.

Utasema nenda ukaseme. Nimefika mlangoni kwa Mama Patronne mara mbili, nikageuka. Nikisema, Honoré atacheka, na kile kicheko cha kwanza bado hakijanitoka masikioni. Sijasema. Sijui kama nitasema.

Ninachofanya ni hiki. Tangu Jumatano, nikimaliza kutonesha, ninakunja mikono ya shati na kwenda kwenye beseni. Honoré anaosha moja, mbili, tatu. Ya nne ninaichukua mimi. Ninaisugua kwa mchanga na majivu, ninaipindua, ninaianika. Halafu ninangoja amalize tatu nyingine.

Alhamisi alishindwa kuvumilia. "Muzee, unanicheka?"

"Ndiyo."

"Sasa unaosha ya nini?"

"Tatu ninakucheka. Ya nne ni yangu."

"Yako namna gani?"

"Osha, Chef."

Anadhani ninampangia jambo lingine. Anaigeuzageuza kila bidon niliyoosha, anachungulia ndani, ananusa. Wanasema nyumbani hali chakula vizuri. Hilo nalo ni tamu, siwezi kukuficha. Ijumaa Mama Espérance alinikuta nimeinama pale, akafikiri ni unyenyekevu. Akanimiminia kikombe cha maziwa ya ng'ombe wake, akanishika mkono kwa mikono miwili, akanishukuru kwa niaba ya watoto. Nilikunywa yote. Yalikuwa mazuri, Yaya. Yalikuwa mazuri mpaka nikashindwa kumrudishia kikombe.

Nitaosha ya nne mpaka wiki tisa ziishe. Wewe uliyenifundisha kukata gunzi, nipigie hesabu uone kama inalingana.

Msalimie Shemeji, na umwambie nyuma ya redio si maficho tena. Msalimie Mama Mkubwa muuza mawese, usimwambie habari za magunzi, atajiona ameshtakiwa. Mpwa wangu muuguzi, mwambie dawa ya macho aliyonitumia inafanya kazi. Na yule jirani wa kofia ya pilipili, kama bado yuko hai, msalimie sana, mwambie ninamkumbuka siku hizi.

Ukipata njia, nitumie kizibo cha mpira, kipana kama kidole gumba chako. Hapa hakipatikani, na chupa mpya nimeifunika kwa plastiki na kamba.

Mimi mudogo wako, ninayeona rose vizuri sana,

Kabwe